Ukiulizwa "wapi tunakula?": mwongozo kamili wa kumwelekeza mtu mahali pa kula Dar es Salaam

Nilimwelekeza rafiki yangu kwenye biriani niliyokuwa naiapia. Wakwe zake walikuwa wamekuja kutoka Tanga, watu wanaoijua biriani tangu utotoni, naye akataka awatoe nje kidogo. Nikamtajia mgahawa, nikamtajia mtaa, nikamwambia nenda, hutajuta. Wakaenda Jumanne. Pale biriani hupikwa Ijumaa na Jumapili. Siku nyingine ukiing'ang'ania wanakutolea wali wa rangi uliopashwa, wanaumwagia rosti ya kuku juu, basi. Mimi nilikuwa najua hilo. Nilisahau tu kulisema. Mpaka leo mama mkwe wake akinikuta kwenye shughuli ananiuliza, "Baba, lile pilau lako halijambo?" Na halikuwa hata pilau.

Tangu siku hiyo sielekezi mtu kwa jina la mahali peke yake. Nataja sahani, siku yake na saa yake, na jina linafuata baadaye. Ninayoandika hapa ni jinsi ninavyofanya, hatua kwa hatua, kwa mtu ambaye ofisini au kwenye kundi la ukoo amegeuka kuwa yule anayeulizwa kila mara. Mifano yangu ni ya Dar kwa sababu ndiko ninakokula.

Hatua ya 1: Usitaje mahali kabla hujauliza

Mtu akikuambia "nielekeze pa kula pazuri", bado hajakuuliza kitu. Mrudishie maswali manne: anakwenda na nani, siku gani na saa ngapi, wanataka kula waondoke au kukaa, na kuna nani kati yao asiyekula nini.

Swali la tatu ndilo linalokupa bei bila kumwaibisha mtu. Hakuna anayependa kuulizwa ana shilingi ngapi mfukoni. Lakini "tunataka kukaa kidogo, kuna mgeni" na "nataka kushiba nirudi kazini" ni bei mbili tofauti kabisa, na wote wawili mmeelewana.

La nne watu hulipita haraka, na ndilo linaloharibu siku. Dar ina baa nyingi za nyama choma ambazo upande mmoja kuna mbuzi na upande wa pili kitimoto. Kuna Mwislamu ataridhika akiona majiko yametengana, na kuna ambaye hata kiti hatakivuta. Usiamue kwa niaba yao. Sema tu "pale pana kitimoto" au "pale wanauza bia", halafu mwenye safari aamue. Vivyo hivyo kwa nazi, karanga na pilipili: mgonjwa wa vidonda vya tumbo hapaswi kugundua pilipili ya mchuzi akiwa tayari ameshakula nusu.

Uliza na magoti. Niliwahi kumpeleka shangazi yangu kwenye mgahawa wa ghorofani wenye upepo safi. Ngazi zilimmaliza, alipofika juu akaomba maji tu.

Hatua ya 2: Jua saa ya kila chakula

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Mahali pamoja panaweza kuwa pazuri sana saa 1 asubuhi na pa hovyo saa 5. Ukilijua hilo, nusu ya ushauri wako umeshakuwa sahihi.

Anza na supu. Supu ni ya saa 12 hadi saa 3 asubuhi. Ng'ombe, mbuzi, makongoro, utumbo, vyote vimechemka usiku au alfajiri na mchuzi umekolea. Kufika saa 4 mchuzi umepungua, wateja bado wanakuja, na mwenye supu ana ndoo ya maji karibu, malizia mwenyewe. Wapenda supu husifia vibanda vilivyo jirani na machinjio, kama Vingunguti, kwa sababu nyama haijasafiri. Ukimwelekeza mtu huko mwambie aamke. Na mwambie aagize chapati kwanza, maana chapati za moto huisha kabla ya supu.

Mchana ni wa mama lishe, au mama ntilie kama wanavyomwita wale wa zamani, jina lililotokana na "mama, nitilie". Dirisha lake ni dogo: saa 6 hadi saa 8. Mtu akifika saa 6 na robo anachagua samaki. Akifika saa 7 na nusu samaki wanamchagua yeye. Vipande vikubwa vya changu vimeondoka, kimebaki kichwa na mkia, na matembele yamebaki ya kwenye kona ya sufuria. Kwa hiyo ukisikia watu wawili wanabishana kuhusu mama lishe mmoja, mmoja akimsifu na mwingine akimponda, uliza kwanza walikula saa ngapi.

Samaki wa Feri nao ni wa mapema. Soko la Magogoni lina mnada wake, na pembeni kuna wakaangaji: unanunua samaki wako, unampa mmoja wao, anakukaangia. Kwa mgeni anayependa kuona jiji likifanya kazi hakuna chakula cha mchana kinachoshinda hicho, ila avae viatu visivyoogopa maji. Onyo moja, na hili mpe kila unayempeleka kwenye kibua, jodari au nguru: akitafuna akahisi ulimi unachomachoma kama pilipili na hakuna pilipili, aache. Samaki wa jamii hiyo wakikaa kwenye joto baada ya kuvuliwa hutengeneza histamini, kemikali inayoleta dalili kama za mzio, na moto wa kukaangia hauiondoi.

Alasiri ni ya mihogo Coco Beach. Muhogo wa kukaanga, kachumbari, pilipili, na mshikaki ukitaka. Jumapili jioni kuna umati. Anayetaka kula kwa utulivu aende siku ya kazi. Mimi binafsi naona muhogo wa Jumatano ni mtamu zaidi kwa sababu unakaangwa ukiusubiri, wakati wa Jumapili umekaangwa kwa wingi na unakaa. Kuna wanaonipinga, wanasema bila kelele za Jumapili ule ni muhogo tu.

Jua likizama zamu inahama kwenye moto. Mishikaki, chipsi mayai, kuku wa kuchoma, ndizi. Katikati ya mji, kona ya Barabara ya Morogoro na Mtaa wa Libya, Mamboz wanatoa viti barabarani jioni na harufu ya kuku inakushika tangu kituoni. Watu wengi huendea kuku wa sekela, yaani wa kuchoma. Wauza supu ya pweza nao hujitokeza na vikombe vyao, na mteja wa kiume anakunywa akiangalia pembeni kama mtu anayesubiri daladala. Hakuna anayesema anainywa ya nini.

Ijumaa mchana pilau na biriani zinatafutika karibu kila mtaa wa Kariakoo na Upanga. Ramadhani inabadilisha kila kitu: migahawa kadhaa hufunga mchana, na jioni meza zinajaa tambi, magimbi ya nazi, kaimati na uji wa pilipili manga ambavyo mwezi mwingine ungezunguka sana kuvipata. Ukielekeza mtu anayevuka kwenda Unguja mwezi huo, mwambie wazi kwamba chakula cha mchana hadharani hakipo, asije akalaumu boti. Miezi mingine, mgahawa wa Lukmaan pale Mkunazini, Mji Mkongwe, ni jibu langu la mchana, kwa sababu mgeni anaonyesha kwa kidole anachokitaka kaunta na hahitaji kujua jina lake. Forodhani ni ya usiku. Bustani ile ilifunguliwa upya mwaka 2009 baada ya kukarabatiwa, ni nzuri kukaa, lakini sheria yake ni moja: uliza bei kabla mshikaki haujaingia kwenye sahani.

Hatua ya 3: Kaa uangalie kabla hujaagiza

Huwezi kuelekeza mahali ambapo wewe ulikula tu. Lazima uwe umepaangalia. Dakika kumi zinatosha, na huna haja ya kujifanya mkaguzi. Agiza maji, kaa.

Kuna mama lishe mmoja nyuma ya stendi ambaye kwangu ndiye kipimo. Turubai la bluu, mabenchi mawili, majiko matatu ya mkaa. Siku ya kwanza niliona mabeseni mawili ya kuoshea vyombo, moja la povu na moja la kusuuzia, na kila baada ya muda binti yake anamwaga la kusuuzia na kuweka maji mapya. Yeye mwenyewe hashiki pesa. Mtoto wa kiume wa dada yake amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, ndiye anayepokea na kutoa chenji, na mama akipewa noti na mteja asiyejua anarudi nyuma hatua moja kama ameonyeshwa nyoka: "Mpe kijana, baba, mimi napika." Sufuria ya maharage iko juu ya makaa muda wote, inachemka polepole. Wali uko kwenye hotipoti, na kila akipakua anafunika. Hakuniambia neno lolote kuhusu usafi. Nilikula ugali, dagaa na mchicha, nikarudi kesho yake.

Hayo ndiyo ya kuangalia: mkono unaoshika pesa ni upi, maji ya kusuuzia yana rangi gani, kifuniko kinarudi au hakirudi, mvuke upo au haupo. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2, na kinachosubiri kuliwa kibaki na moto wa zaidi ya nyuzi 60. Kwenye genge hakuna kipimajoto, ila mvuke unauona. Sambusa na kuku waliopangwa ndani ya kabati la kioo lenye taa ndogo tangu asubuhi hawana mvuke wowote, hata kama kioo kinang'aa na meza zina vitambaa.

Angalia na choo. Sina zaidi ya kusema hapo.

Kuna kipimo kimoja watu hukitegemea sana ambacho mimi nimekiacha: wingi wa watu. "Pakijaa madereva basi pazuri." Dereva anakula mahali panapompa chakula kingi, haraka, karibu na gari lake. Hivyo ni vigezo vya maana kabisa, lakini si vyako ikiwa unampeleka mchumba. Foleni inakuambia tu kwamba chakula hakilali. Ladha utaijua mdomoni.

Hatua ya 4: Agiza wanachokijua

Kila jiko lina kitu kimoja au viwili ambavyo linavijua, na menyu ndefu iliyobaki ni ya kujazia karatasi. Usiingie mahali pa makange ukaagiza piza kisha ukatoa maoni. Njia ya kujua ni rahisi: angalia meza tano za jirani zina nini. Au muulize mhudumu, lakini usiulize "nini kizuri?", kwa sababu atakujibu "vyote, kaka". Uliza, "Wewe ukila hapa mchana unakula nini?" Siku moja mhudumu aliniinamia kidogo, akanong'ona huku anafuta meza: "Leo kula samaki, kaka. Kuku ni wa jana." Yule dada nimemrudia mara kumi.

Jifunze pia saa za moto. Kuku wa kienyeji aliyeletwa mezani dakika kumi baada ya oda alikuwa ameshachemshwa tangu zamani, amepitishwa tu kwenye mafuta. Pengine ni mtamu, lakini usimwambie mtu kwamba anachomwa pale pale. Nyama choma nayo hupimwa ikiwa mbichi: kilo uliyoonyeshwa kwenye mizani itapungua ikitoka motoni, na kama ni mbavu, mifupa imo. Kwa watu wanne wenye njaa mimi nasema kilo 2 na ndizi, na uwe unaona ikipimwa. Huko Pugu mnadani kupima mbele ya mteja ni jambo la kawaida. Mahali ambapo wanakataa, nachukua kuku.

Hatua ya 5: Rudi

Mara moja haitoshi kuelekeza mtu. Mpishi anaweza kuwa na siku njema, na wewe unaweza kuwa na njaa, na njaa haina mboga mbaya. Rudi siku nyingine ya wiki, saa nyingine, ikiwezekana na mtu mwingine. Mara ya tatu agiza kitu kilekile cha mara ya kwanza. Kikifanana, mahali hapo pana mpishi. Kisipofanana, pana bahati.

Hatua ya 6: Andika kwenye simu ukiwa bado mezani

Kumbukumbu ya tumbo ni ya uongo. Baada ya wiki mbili unakumbuka upepo na mazungumzo, unasahau kwamba wali ulikuwa na chumvi. Mimi naandika kwenye simu kabla ya kunawa, mistari michache tu. Huu ni mmoja wa kweli, nimeondoa jina la mwenyewe:

*Mama wa turubai la bluu, nyuma ya stendi. Alhamisi, saa 6:20. Ugali dona, dagaa wa kukaanga, mchicha wa nazi. 3,000. Dagaa hawana mchanga!! Nazi ya kukuna. Pilipili kali, omba pembeni. Mabenchi hayana kivuli baada ya saa 7. Lipa namba ipo. Hana samaki Jumatatu.*

Alama mbili za mshangao ni za dagaa wasio na mchanga, na anayekula dagaa atanielewa. Zingatia mambo yaliyoingia: siku, saa, sahani, bei, kasoro, namna ya kulipa. Hakuna "patamu sana". Hakuna nyota. Nyota tano za mtu anayependa chumvi ni nyota mbili kwa mwenye presha.

Hatua ya 7: Bei iwe na tarehe

Kila bei unayomwambia mtu iambatane na mwezi. "Mwezi wa tatu nililipa 8,000" ni taarifa. "Ni 8,000" ni ugomvi unaosubiri kutokea kaunta. Mafuta ya kula yakipanda, chipsi zinapanda wiki hiyohiyo, na mchele ukipanda kinachopungua ni kipande cha nyama.

Kwenye migahawa ya menyu angalia chini kabisa, kwenye herufi za mchwa. Zipo menyu zinazoandika kwamba bei haijajumuisha VAT, na kiwango cha kawaida cha VAT Tanzania Bara ni asilimia 18. Kwa kiwango hicho sahani ya 25,000 inakuja kwenye bili ikiwa 29,500. Watu sita, unaongeza 27,000 ambazo mwenyeji hakuzipangia. Ukimwelekeza mtu mahali pa namna hiyo mwambie bei ya mwisho, ile ya kwenye risiti, na umwambie kama kulipa kwa simu kunakubaliwa. Aibu ya kutafuta ATM huku mgeni anasubiri mezani naijua vizuri.

Hatua ya 8: Mfikishe mlangoni

Pini ya ramani ni nzuri kwa mgahawa wenye geti. Kwa kibanda, pini humpeleka mtu mtaa wa pili. Toa kituo cha mwendokasi au cha daladala, kisha kitu kisichohama: msikiti, shule, kituo cha mafuta, nguzo ya umeme yenye transfoma. Kwa kuku wa Mtaa wa Libya nasema shuka kituo cha mwendokasi cha Kisutu, halafu fuata moshi. Mti nautaja. Rangi ya ukuta siitaji. Mitandao ya simu hupaka upya kila mara.

Sema na mahali pa kuegesha gari kama wana gari, na kama hapapitiki mvua ikinyesha. Masika yakianza, nusu ya daftari langu halifikiki.

Hatua ya 9: Ukikuta kibaya

Kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya: chakula ambacho hukukipenda, na kosa. Mchuzi mwepesi kuliko ule wa kwenu si kosa. Nywele, chenji iliyopungua, bili yenye soda ambayo hukunywa, samaki aliyechacha: hayo ni makosa, na wa kwanza kuambiwa ni mwenye mahali, palepale, kwa sauti ya kawaida. "Samahani dada, huyu samaki ameharibika, naomba uonje." Mara nyingi utabadilishiwa. Jinsi wanavyolipokea jambo hilo ndiyo habari kubwa kuliko samaki mwenyewe. Kwenye mgahawa mmoja mwenye mahali alitoka jikoni, akaonja, akatema, akaomba radhi na kufuta bili ya meza nzima. Mwingine, hapa hapa mjini, mhudumu aliniambia kwamba samaki wa bahari ndivyo wanavyonuka. Wa kwanza nimepeleka watu wengi. Wa pili nimekaa kimya hadi leo nilipoandika haya, na jina lake nitaendelea kukaa nalo.

Ugonjwa ni jambo zito zaidi. Ukiharisha usiku, usikimbilie kuandika kwamba chakula cha mchana kimekuua. Tumbo linalochafuka ndani ya saa chache huenda ni sumu ya bakteria iliyokuwa tayari kwenye chakula, ndiyo. Lakini salmonela inaweza kuchukua siku kadhaa kujitokeza, kipindupindu hadi siku 5, na taifodi wiki moja hadi tatu. Mama wa watu uliyekula kwake leo anaweza kubeba lawama ya juisi ya barafu uliyokunywa wiki iliyopita. Nenda hospitali, upimwe, na kama mliokula pamoja mmeugua wote, toeni taarifa kwa afisa afya wa kata; yeye ana mamlaka ya kuchukua sampuli, wewe huna.

Ukiandika hadharani, andika ulichokiona kwa macho yako na siku uliyokiona. "Jumamosi usiku nilisubiri saa 1 na dakika 40, chakula kikaja kimepoa" linasimama. "Wanauza nyama ya punda" halisimami hata kama kila mtu analisema, na kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inayohusu kusambaza taarifa za uongo. Mbali na sheria, banda lile linasomesha watoto.

Na kama ulikula bure, sema. Mwenye mgahawa akikukaribisha, akikupa sahani ya nyongeza kwa sababu anajua utasimulia, chakula hicho kimeshatiwa sukari. Mimi huandika "nilikaribishwa" kwenye mstari wa kwanza, halafu narudi wiki nyingine kama mteja, na mara mbili nimelazimika kufuta nilichokisema.

Hatua ya 10: Pitia daftari lako, wapishi wanahama

Mahali hapahami, mpishi anahama. Ukiona ladha imegeuka ghafla, usiulize "mbona siku hizi chakula kibaya?". Muulize mhudumu kwa upole yule fundi wa zamani yuko wapi. Nusu ya sehemu ninazozipenda nimezipata hivyo, kwa kumfuata mpishi. Mchoma mishikaki mmoja nimemfuata hadi kwenye baraza yake ya tatu sasa, na kila akihama ananitumia ujumbe wenye neno moja: jina la mtaa.

Kila baada ya miezi mitatu napita kwenye orodha na kufuta ambako sijala tena. Mtu akiniuliza kuhusu mahali ambako sijafika mwaka mzima, namwambia hivyo hivyo.

Hatua ya 11: Tuma ujumbe

Ujumbe wa kuelekeza usizidi mistari minane, na usitaje sehemu zaidi ya mbili. Ukimpa mtu sehemu saba umemrudishia swali lake. Utaje sahani, siku, saa, bei yenye mwezi, njia, na kasoro moja ya kweli. Hiyo kasoro usiiache. Ndiyo inayomfanya mtu aamini sifa zilizobaki.

Mwezi uliopita wakwe wa rafiki yangu walirudi Dar. Nilimwomba namba ya mama mkwe wake nikamtumia mwenyewe:

*Shikamoo mama. Ni mimi wa lile pilau. Naomba safari hii muende Ijumaa, baada ya swala, saa 7 na nusu isipite. Biriani ya mbuzi, ya kuku msiiguse. Mwezi huu nimelipa 10,000 kwa sahani, achari ndani yake. Shukeni kituo cha Kisutu, mtoto atawapokea. Viti ni vya plastiki na feni moja haifanyi kazi, kaeni upande wa dirisha. Siku nyingine yoyote tofauti na Ijumaa na Jumapili msiende, mama, nimekosa mara moja inatosha.*

Alijibu saa 9 alasiri: "Marahaba. Mbuzi sawa. Achari yao haina kitu, nitakuletea yangu."